Kupunguza gharama ya kuunda objekti katika programu za wavuti

Tuchukue programu ya wavuti ya ushirika wa maziwa huko Njoro, kaunti ya Nakuru, wenye wanachama 2,000 wanaopeleka maziwa asubuhi na jioni. Kwa mwezi wa siku 30, rekodi za upimaji hufika 120,000. Karani anapoomba ripoti ya malipo, programu iliyoandikwa bila uangalifu huunda objekti (kifurushi cha data kinachokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta) kwa kila rekodi, ilhali kinachotakiwa ni jumla ya lita za kila mwanachama.

Kabla ya kugusa msimbo, pima. Tumia Flight Recorder kwa Java, Xdebug kwa PHP au tracemalloc kwa Python, na upime kwa data ya ukubwa wa mwisho wa mwezi, kwa maana rekodi kumi za majaribio hazitafichua lolote. Wapo wanaoliogopa neno new lenyewe, linaloamuru objekti iundwe, hofu ambayo kwa Java ya leo haina msingi mkubwa: objekti ndogo hutengewa nafasi kwa kusogeza kielekezi tu, na zile zinazoachwa mapema ni nafuu kwa mzoataka, yaani sehemu inayoondoa objekti zisizotumika tena, kuzizoa. Gharama halisi iko kwa objekti zenye kazi nyingi zinapoundwa, na kwa zile zinazorundikana kwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja.

Ripoti yetu ni ya aina hiyo ya pili. Iachie hifadhidata kazi ya kujumlisha, kwa amri zake za SUM na GROUP BY, ili zirudi safu 2,000 badala ya 120,000. Pale ambapo ni lazima kila rekodi ionekane, zisome kwa mafungu, tuseme ya 500, na uliachilie kila fungu kabla ya kuchukua linalofuata. Ukitumia Hibernate (ya Java) au Doctrine (ya PHP), maktaba zinazogeuza safu za hifadhidata kuwa objekti, kumaliza kitanzi (sehemu ya msimbo inayorudiwa) hakutoshi, kwani maktaba hizo huendelea kuzishikilia objekti zilizopakiwa mpaka uite clear.

Miunganisho ya hifadhidata ni ya aina ya kwanza. PostgreSQL huanzisha mchakato mpya kwa kila muunganisho, mbali na kuhakiki nywila na, mara nyingi, kupatana kuhusu usimbaji fiche. Kwa hiyo weka akiba ya miunganisho inayotumika tena na tena. PHP kwa kawaida huanza upya kwa kila ombi, na OPcache, akiba yake ya msimbo, huhifadhi msimbo uliotafsiriwa, si objekti zako, hivyo PgBouncer, programu inayokaa kati na kushikilia miunganisho kwa niaba yako, itakufaa zaidi. Angalia tu kwamba PostgreSQL isiyorekebishwa hukubali miunganisho 100: seva tatu zenye akiba ya 50 kila moja zitaupita mpaka huo.

Ruwaza za kutafutia maandishi na vipangilia tarehe viunde mara moja, nje ya kitanzi. Katika Java, SimpleDateFormat haifai kushirikiwa na nyuzi kadhaa (kazi zinazoendeshwa sambamba). DateTimeFormatter, iliyokuja na Java 8 mwaka 2014, haibadiliki na inashirikiwa bila hatari. Objekti ndogo za kawaida usiziwekee akiba, kwa sababu utazirefushia maisha na kumwongezea mzoataka kazi.