Ndizi kwa siagi ya karanga, kitafunwa cha dakika tano

Dakika tano ni kama siagi ipo tayari. Kama haipo, ongeza nusu saa, maana utamu wote wa kitafunwa hiki uko kwenye karanga.

Hatua ya 1. Mwaga vikombe viwili vya karanga kwenye ungo uchambue. Toa zilizosinyaa, zilizotoboka na zenye ukungu. Usiharakishe hapa: karanga zilizowekwa na unyevu huweza kupata sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, na kukaanga hakuiondoi yote.

Hatua ya 2. Kaanga bila mafuta, moto mdogo, ukigeuza kwa mwiko muda wote. Zimeiva ganda likibanduka kwa kusugua vidoleni na ndani pamekuwa kahawia hafifu. Zikiungua, zitupe tu. Uchungu wake haufichiki hata kwa asali. Zikipoa, zifikiche kisha zipete.

Hatua ya 3. Saga kwenye blenda kavu kabisa. Zitakuwa unga, halafu donge zito litakaloganda pembeni. Wengi wakifika hapo hutia maji. Usitie! Siagi yenye maji huharibika upesi. Zima, kwangua kwa kijiko, acha mota ipumzike, washa tena. Karanga zitaachia mafuta zenyewe na donge litalainika mpaka litiririke kijikoni. Tia chumvi kidogo. Sukari ya nini, na ndizi ipo?

Hatua ya 4. Menya ndizi kisukari mbili, mbivu lakini ngumu kidogo. Kata vipande vinene kama kidole, paka siagi juu ya kimoja, funika kwa kingine, viringisha kwenye ufuta uliokaangwa. Basi, kula.

Tufaha linafaa pia, ila likamulie ndimu lisigeuke rangi. Embe mimi silipendi kwa kazi hii. Lina maji mengi, siagi inateleza.

Mtoto mdogo usimpe karanga nzima, zinaweza kumkaba. Mpakie siagi nyembamba juu ya ndizi. Kwa mwenye mzio wa karanga, saga mbegu za alizeti kwa njia hiyohiyo, na blenda ioshwe vizuri kwanza.

Siagi iliyobaki iweke kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Mafuta yakielea juu haijaharibika, ikoroge tu. Ikinuka mafuta yaliyochacha, mwaga.