Somo: Kutibu Mianzi ya Kujengea kwa Boraksi, pamoja na Maswali ya Wanachama

Mafundi wengi huikataa mianzi kwa sababu wameiona ikigeuka unga juu ya paa kabla hata makuti hayajachakaa. Mimi mwenyewe niliwahi kuezua jiko nililolijenga kwa mianzi mibichi, kwa kuwa kila asubuhi tulikuta unga wa manjano umedondokea masufuria. Kosa halikuwa la mwanzi. Ndani yake mna wanga mwingi, na wanga huo ndio unaomvuta bungua, yule mdudu anayetoboa miti na kuiacha unga. Tukiujaza mwanzi chumvi za boroni, yaani boraksi na asidi ya boriki, bungua hawezi kuishi humo, nasi tunapata boriti na pau bila kukata mikoko wala kununua chuma pasipo lazima.

Hatua ya kwanza: kukata. Chagua mwanzi wa miaka 3 hadi 5, ambao maganda yake yamekwisha kupukutika na ngozi yake imeshika madoa ya kijivu. Mwanzi wa mwaka mmoja hunywea na kupasuka ukikauka. Kata mvua zinapokwisha, kwa maana machipukizi ya msimu huwa yameshakula sehemu kubwa ya wanga wa mianzi mikubwa. Pitisha msumeno juu kidogo tu ya fundo la kwanza au la pili kutoka ardhini, ili kisiki kisiwe kikombe cha maji kitakachoozesha shina zima.

Hatua ya pili: kutoboa. Mwanzi ukiwa bado mbichi, pitisha nondo ya milimita 12 iliyochongwa ncha, utoboe kuta zote za ndani za mafundo tangu mwisho mmoja hadi mwingine. Usiipuuze kazi hii, kwani ngozi ya nje ya mwanzi haipitishi maji na dawa huingilia ndani.

Hatua ya tatu: kuloweka. Chimba handaki lenye urefu wa mianzi yako, ulitandike nailoni nzito isiyovuja. Kwa kila lita 200 za maji, tia kilo 6 za boraksi na kilo 4 za asidi ya boriki, ukiwa umeziyeyusha kwanza katika maji ya moto, kwa sababu katika maji baridi huyeyuka polepole mno. Vaa glavu na barakoa. Laza mianzi kwa kuiinamisha ili hewa itoke, na mapovu yakikoma ikandamize kwa mawe, kwani itaelea. Mianzi mizima ikae siku 10 hadi 14. Iliyopasuliwa, siku 5 zinatosha. Zungushia handaki uzio, watoto na mifugo wasifike. Dawa iliyobaki itumie tena kwa kuongeza chumvi zilizopungua, wala usiimwage shambani, kwa sababu boroni nyingi huua mimea.

Hatua ya nne: kukausha. Isimamishe kivulini kwa wiki 4 hadi 8, ukiigeuza mara kwa mara. Jua kali huipasua.

Hatua ya tano: kujenga. Boroni huyeyuka katika maji, hivyo mvua ikiupiga mwanzi kila mwaka, dawa itatoka. Uinue juu ya msingi wa mawe au zege, na paa liwe na upenu mpana. Usipigilie msumari; toboa kwa keekee, kisha funga kwa bolti.

Swali: Mwalimu, fundi wetu hupaka oili chafu. Je, haitoshi?
Jibu: Haitoshi, ndugu yangu. Oili hubaki juu ya ngozi, ilhali bungua hutaga mayai kwenye ncha zilizokatwa na ndani ya mwanzi. Zaidi ya hayo, oili huchafua udongo na huongeza hatari ya moto.

Swali: Huku kwetu Njombe tuna mianzi ya ulanzi, ile ambayo machipukizi yake hugemwa pombe. Inafaa?
Jibu: Inafaa kwa fito na pau. Kuta zake ni nene, mingine karibu haina uwazi ndani, kwa hiyo ipasue kwanza ndipo uiloweke. Lakini chipukizi lililogemwa halikui tena kuwa mwanzi wa kujengea, basi tenga mapema mashina ya kugema na ya kukata.

Swali: Wazee waliiloweka mtoni kwa miezi bila dawa. Walikosea?
Jibu: Hawakukosea. Maji huondoa wanga, na bungua hupungua sana. Mchwa, hata hivyo, hahitaji wanga. Hula mwanzi wenyewe, na kwa ajili yake boraksi ndiyo kinga.