SOMO: Linda taarifa za biashara yako, anza na nakala unazoweza kuzirudisha

Wakuu, likija suala la usalama wa taarifa za biashara, mazungumzo hukimbilia kwa wadukuzi. Wadukuzi wapo na tutawafikia. Ila taarifa hupotea pia kwa sababu zisizo na mvuto wowote: diski imekufa, mtu kafuta folda isiyo yake, laptopu imeibwa, aliyekuwa anajua nenosiri kaacha kazi na hapokei simu. Kwa hiyo somo hili halianzi na antivirusi. Linaanza na swali: kompyuta ya ofisi ikizimika sasa hivi isiwake tena, kesho asubuhi utafanya kazi na nini?

Naomba mfuate hatua kwa mpangilio huu. Anayeziruka mbili za kwanza akaenda kununua programu ya ulinzi anaweka kufuli kwenye nyumba ambayo hajui ina milango mingapi.

Hatua ya 1: Jua una nini na kiko wapi

Chukua karatasi, chora safu nne: kitu chenyewe, kinakaa wapi, nani anaweza kukifungua, na kikipotea biashara inasimama kwa muda gani. Jaza bila kuruka. Orodha ya wateja na madeni: faili moja kwenye laptopu ya mhasibu. Oda: meseji kwenye simu ya muuzaji. Mikataba: viambatisho vya barua pepe, havijawahi kuhifadhiwa kwingine. Jina la tovuti: limesajiliwa kwa akaunti ya kijana aliyeitengeneza.

Safu ya tatu ndiyo huwashtua watu. Utakuta faili la mishahara linafunguka kwa yeyote mwenye linki, au akaunti ya matangazo ina majina ya watu walioondoka zamani. Usirekebishe kitu bado. Tia alama ya nyota kwenye vitu ambavyo vikipotea unafunga ofisi. Mara nyingi ni vichache kuliko ulivyodhani, na ndivyo tutakavyovishughulikia kwanza.

Hatua ya 2: Nakala rudufu, yaani bekapu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye uhai wa biashara.

Kanuni inayotumika sana huitwa 3-2-1: uwe na nakala 3 za taarifa (ile ya kazi ikiwemo), kwenye vifaa vya aina 2 tofauti, na 1 kati ya hizo iwe mahali pengine kabisa. Hiyo ya mwisho ndiyo hupuuzwa. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data (jengo la kompyuta zinazotunza taarifa za wateja) cha kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, kiliungua. Wapo wateja waliokuwa na bekapu, lakini bekapu zilikuwa palepale na taarifa zenyewe, zikateketea pamoja. Diski ya nje inayokaa kwenye droo ya meza ileile ya kompyuta ina tatizo hilohilo: mwizi au moto hauchagui.

Mimi huongeza sharti jingine: nakala moja isiwe imeunganishwa na chochote. Juni 2017 virusi vya NotPetya viliingia kwenye mtandao wa Maersk, kampuni kubwa ya meli za mizigo. Sava zake zilizotunza utambulisho wa watumiaji zilikuwa zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe, hivyo zilifutwa zote kwa mpigo. Iliyopona ni moja tu, ya ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na mashine haikuwa mtandaoni. Diski yake ilibidi isafirishwe kwa ndege hadi Uingereza ndipo kazi ya kuufufua mtandao iendelee. Kampuni ya ukubwa ule iliokolewa na kukatika kwa umeme! Wewe usingoje bahati ya namna hiyo. Chomeka diski ya nje, nakili, chomoa, weka kwingine.

Sasa sehemu ambayo karibu kila mtu huiacha: kujaribu kurudisha. Januari 2017 fundi wa GitLab, huduma ya mtandaoni ambako waandishi wa programu hutunza kazi zao, alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata iliyokuwa inatumika. Walikuwa na njia kadhaa za kutunza nakala. Walipozigeukia, nyingine hazikuwa zikifanya kazi na hakuna aliyekuwa amegundua. Wakaokolewa na nakala ya saa sita nyuma, ambayo mfanyakazi mmoja aliichukua kwa ajili ya shughuli nyingine.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Chagua ankara moja ya wiki iliyopita, jifanye imefutika. Chukua kompyuta nyingine, siyo ile ya kila siku, ufungue bekapu. Je, unaipata? Inafunguka, au inadai programu ambayo kompyuta hii haina? Jumla chini ya ukurasa inalingana na ile halisi? Tarehe ya faili ni ya wiki iliyopita, au ni ya miezi mitatu nyuma na ratiba ya kunakili ilishakufa kimyakimya? Andika muda uliotumia. Kama ankara moja imekula saa nzima, piga hesabu ya kurudisha ofisi yote. Fanya hivi kila mwezi, na safari nyingine mpe mtu mwingine afanye ukiwa haupo.

Hatua ya 3: Akaunti, ukianza na barua pepe

Barua pepe ya biashara ndiyo funguo mama, kwa kuwa akaunti nyingine zote, ukisahau nenosiri, hutuma linki huko. Aliyeingia humo ameingia kote.

Nenosiri liwe refu, na lisitumike mahali pawili. Urefu unasaidia kuliko kuchanganya alama za ajabu. Ule utaratibu wa kulazimisha watu wabadilishe nenosiri kila baada ya miezi michache uacheni. Hata taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kuupendekeza mwaka 2017, kwa sababu watu huongeza tarakimu mwishoni basi. Badilisha pale unapohisi limevuja. Tumia programu ya kutunza manenosiri, siyo faili lililoandikwa "Manenosiri" kwenye skrini ya kompyuta.

Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nenosiri unaombwa kitu cha pili, kama namba ya kuingilia inayotoka kwenye simu yako. Mwaka 2021 kampuni ya mafuta ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba lake baada ya wahalifu kuingia kwa nenosiri la akaunti ambayo haikuwa na hatua ya pili. Programu ya simu inayotoa namba za kuingilia ni salama kuliko meseji, kwani laini ya simu inaweza kuhamishwa na tapeli kwenda kwenye kadi yake.

Hatua ya 4: Kila mtu apewe anachohitaji tu

Kila mfanyakazi awe na akaunti yake. Akaunti ya pamoja inayoitwa "ofisi" haikuambii nani kafuta nini. Mtu akiondoka, fungia siku hiyohiyo: barua pepe, folda za pamoja, makundi ya WhatsApp, mfumo wa mauzo, nenosiri la Wi-Fi. Hakuna uadui hapo, ni utaratibu, na ukifanywa kwa kila anayeondoka hakuna atakayejihisi ameshukiwa.

Hatua ya 5: Vifaa

Fupi tu. Ruhusu masasisho. Virusi vya WannaCry vya Mei 2017 vilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walishaliziba tangu Machi. Walioumia ni ambao hawakusasisha. Kama bado una Windows 10, jua kwamba msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Washa usimbaji wa diski (kuzifunga taarifa zisisomeke bila ufunguo) kwenye kila laptopu, ili mwizi apate chuma na si taarifa, na ufunguo wake wa kurejesha uutunze nje ya laptopu hiyo.

Hatua ya 6: Mabadiliko ya akaunti ya malipo

Barua pepe inafika: "Tumebadilisha benki, malipo ya mwezi huu yapelekwe akaunti hii." Nembo ni ya msambazaji wako, lugha ni yake, na imejibu mazungumzo yenu ya kweli. Itazame anwani kwa makini. Herufi "m" ya jina la kampuni kumbe ni "r" na "n" zilizobanana. Na kuna wakati anwani ni sahihi kabisa, sanduku lake ndilo limeingiliwa. Kwa hiyo weka sheria moja isiyo na msamaha, hata kwa bosi mwenye haraka: akaunti ya malipo haibadilishwi mpaka mmepiga simu kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani, siyo iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, biashara yangu ni ndogo mno. Nani atapoteza muda kunidukua?

Jibu: Hakuna anayekaa kukuchagua. Programu zao zinazunguka intaneti zikijaribu milango yote, na hazijui ukubwa wa biashara. Halafu diski nayo inakufa bila kuuliza una wateja wangapi.

Swali: Faili zangu zote ziko Google Drive. Si tayari nina bekapu?

Jibu: Nusu. Huduma hizo husawazisha: ukifuta huku, kinafutika na kule. Kilichoingia kwenye Tupio la Google Drive huondoka chenyewe baada ya siku 30. Ukigundua kosa siku ya 40, pole. Endelea kuitumia, ila zile zenye nyota zinakili pia kwenye diski ya pembeni.

Swali: Nikipoteza simu yenye ile programu ya namba za kuingilia, si nitajifungia nje mwenyewe?

Jibu: Swali zuri, na ndilo huwafanya wengi wasiwashe kabisa. Unapowasha hatua mbili, huduma nyingi hukupa orodha ya namba za akiba. Ichapishe au iandike kwa mkono, iweke pamoja na hati muhimu. Usiipige picha kwa simu hiyohiyo.

Swali: Dada yangu, sisi yametukuta. Faili zote zimebadilika majina na kuna ujumbe unadai fidia. Tulipe?

Jibu: Poleni sana. Kwanza chomoeni mashine hiyo kwenye mtandao, waya na Wi-Fi, na msichomeke diski ya bekapu hata kwa kujaribu. Msifomati. Pigeni picha ujumbe huo na majina mapya ya faili, kisha mtoe taarifa polisi. Kwenye kompyuta nyingine ingieni tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) pamoja na polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama. Ina zana za bure za kufungulia faili zilizofungwa na baadhi ya virusi hivi. Kuhusu kulipa, ushauri wangu ni hapana. Colonial Pipeline walilipa dola zipatazo milioni 4.4, na zana ya kufungulia faili waliyopewa na wahalifu ilikuwa ya polepole kiasi kwamba waliendelea kutumia bekapu zao.

Swali: Sisi hatuna kompyuta, kila kitu kiko kwenye simu moja. Somo linatuhusu?

Jibu: Sana. Weka kufuli la skrini, washa bekapu ya WhatsApp na uiwekee usimbaji. Orodha ya wateja na madeni itoe kwenye meseji uiandike kwenye faili, kisha kila mwisho wa wiki jitumie nakala kwenye barua pepe inayofunguka pia kwenye kifaa kingine. Jaribio la kurudisha ni lilelile: azima simu ya mtu unayemwamini, ingia, uone kama unaweza kumwambia mteja wako wa mwisho anadaiwa kiasi gani. Ukimaliza, toka kwenye akaunti kabla hujamrudishia simu yake.