Artesunate: mshipa si msuli
Mnaoanza fildi wodi za watoto Sengerema au Ukerewe, malaria kali mtaikuta sana. Dawa yake ya sindano ni artesunate; kichupa cha mg 60 huyeyushwa kwanza kwa ml 1 ya sodiamu baikaboneti, ukitikisa hadi kiwe angavu. Kikibaki na ukungu, tupa. Kisha salini: ml 5 kwa mshipa (mg 10 kwa ml), ml 2 tu kwa msuli (mg 20 kwa ml). Hapo ndipo wengi huchemka. Mtoto chini ya kilo 20 hupewa mg 3 kwa kilo, siyo 2.4 ya wenye kilo 20 kwenda juu. Wa kilo 10: mg 30, yaani ml 3 mshipani, ml 1.5 msulini. Ukichanganya kwa msuli ukachoma kwa hesabu ya mshipa, umempa mara mbili. Na pima uzito kwa mizani jamani, msikisie. Dawa iliyochanganywa itumike ndani ya saa moja.