Dume na jike: namna ya kusoma meno ya nyani bila kujidanganya

Ukishapata kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda (fuvu la porini usiliokote tu uweke kwa begi, hiyo ni kesi) na mafuvu yako mezani, usikimbilie kusema madume meno yao yameisha kuliko ya majike. Mimi nilishafanya hivyo, nikapanga madume huku majike huku, nikaona tofauti kubwa nikafurahi, kumbe madume wangu karibu wote walikuwa wazee.

Jinsia utaijua kwa chonge. Dume la nyani chonge yake ya juu ni kisu kabisa, na lile gego dogo la mbele la taya ya chini limelala mshazari kama kinoo, kila akifunga mdomo chonge inanolewa kwa nyuma. Sasa ule mkwaruzo ni wa kunoa, si wa chakula, kwa hiyo chonge zipe safu yake kwa daftari usizichanganye na magego. Ila angalia, dume kijana chonge haijamaliza kutoka unaweza ukamwita jike.

Halafu umri, na hapa usifanye haraka. Gego kubwa la kwanza huota mapema, la tatu ndio la mwisho, so la kwanza limesaga chakula miaka mingi zaidi. Shika taya karibu na dirisha, piga tochi kwa ubavu, si kutoka juu. Utaona enameli, lile ganda gumu la nje la jino, nyeupe inang'aa na ndani yake vidoa vya kahawia, hiyo ni dentini, tabaka la chini ya enameli, imeanza kutokeza. Vidoa vikiwa vidogo na mbalimbali, bado kijana, vikiungana vikawa kidimbwi kimoja, huyo amekula sana. Sasa linganisha dume na jike ambao gego lao la tatu limefika hatua moja, wa aina moja na msitu mmoja, maana mbega wa msitu wa Kibale, Uganda, anayeshinda kwenye majani juu ya mti si sawa na nyani anayechimba mizizi na kutafuna mchanga.

Hapo tofauti ikibaki ndio uanze kuuliza sababu: dume ana mwili mkubwa anahitaji chakula kingi, lakini jike mwenye mimba au anayenyonyesha naye hula si mchezo. Chonge zilizovunjika ziandike pembeni, mara nyingi hizo ni vita vya madume.