Kupunguza floraidi kwenye maji ya kunywa, Arusha

Visima na chemchemi nyingi chini ya Mlima Meru zina floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Kuchemsha hakuiondoi: maji hupungua, floraidi inabaki palepale. Tumia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Vunja punje ya mkaa huo uitazame ndani. Ya kijivu ndiyo yenyewe. Nyeusi yenye harufu haijaiva, itanukisha maji. Nyeupe imeungua mno, haishiki floraidi vizuri. Suuza mkaa mpaka maji yatoke safi, kisha pitisha maji ya kunywa polepole. Mkaa huchoka, ukaacha kushika floraidi, bila maji kubadilika ladha, kwa hiyo pima maabara mara kwa mara, sampuli ikiwa kwenye chupa ya plastiki. Na tafadhali, magadi kwenye makande ya watoto yaacheni. Nayo yana floraidi.