Somo: Ukikamatwa Kenya, jibu lako linageuka lini kuwa "habari za uongo"?

Ndugu zangu, kifungu kinachowatia watu hofu ni cha 129 cha Kanuni ya Adhabu. Kinamhusu anayempa mtumishi wa umma habari anazojua au kuamini si za kweli, akikusudia mtumishi huyo afanye jambo ambalo asingelifanya angejua ukweli, au atumie mamlaka yake kumdhuru au kumsumbua mtu. Adhabu inafika miaka 3 jela. Shikeni hapo kwenye "anazojua": aliyetishika akachanganya Jumanne na Jumatano hajatenda kosa hili.

1. Uliza umekamatwa kwa nini. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka uelezwe upesi, kwa lugha unayoielewa, pamoja na haki yako ya kunyamaza.

2. Toa jina lako halisi. Hapa ndipo vijana wengi wanajichongea: anataja jina la kaka yake ili lake lisiandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Kesi inamwandama kaka aliyekuwa amelala nyumbani, naye mwenyewe sasa ana makosa mawili.

3. Kuhusu tukio lenyewe, sema kweli au nyamaza. "Afande, naomba kunyamaza hadi nizungumze na wakili." Inatosha. Hata kama umeshajibu maswali matatu, la nne unaweza kuliacha.

4. Usimsingizie mtu ili ujinasue. Jirani akitolewa kitandani usiku kwa sababu yako, kifungu cha 129 kimekupata barabara.

5. Soma taarifa kabla ya kutia sahihi, mstari kwa mstari. Palipoandikwa usichosema, omba pasahihishwe kwanza. Pasiposahihishwa, usitie sahihi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, nikisema "si mimi", halafu korti inihukumu, nitaongezewa kesi ya uongo?

Huwezi kulazimishwa kukiri. Katiba imesema wazi. Kukana kwa maneno mawili hakuwatumi polisi popote. Hatari naiona unapopamba: "nilikuwa Eldoret kwa shangazi", maafisa wanafunga safari, shangazi hajakuona tangu Krismasi.

Afande kaniambia kunyamaza ni kukiri. Kweli?

Si kweli, dada. Tena ungamo kwa polisi halikubaliki hivi hivi kama ushahidi. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinataka litolewe kortini mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa kisheria, asiwe anayechunguza kesi hiyo, na uwe na mtu uliyemchagua mwenyewe.

Mdogo wangu ameshadanganya kwa woga, yuko selo. Tufanye nini?

Mtafutieni wakili leo hii, maana anapaswa kufikishwa kortini ndani ya saa 24, na muda huo ukiishia nje ya saa za korti au siku ambayo korti haikai, basi siku ya korti inayofuata. Amweleze wakili yote, hata yale ya aibu, kabla ya kuandikisha taarifa ya pili. Asirudi peke yake kwa afande kujieleza.